Somo la 7: Labda Lilikuwa Kosa

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 42:25–35, 43:11–23, Mambo ya Walawi 5:14–16, 6:1–7, 19:35, 36, Zaburi 15, Mithali 18:13, 17, 20:14, Mathayo 5:23, 24, 18:15–17, Luka 19:1–10.

Fungu la kukariri: Mithali 11:1. Liandike kwa mkono wako kutoka katika Biblia yako, ulibandike mahali unapofanyia biashara au nyuma ya simu yako.

Katika maduka mengi ya mjini kwetu Babati, kuanzia sokoni hadi stendi, yako maneno yaliyochapwa chini ya risiti au kubandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Tumeyazoea hata tunayasema kama vile ni fungu la Maandiko. Siku hizi yamehamia kwenye simu. Mtu anatangaza kochi, simu, ng'ombe au gunia la mchele wa Magugu kwenye kundi la WhatsApp, mwingine aliye mbali anatuma fedha, mzigo unapanda basi. Ukifika na kukutwa si ule ulioelezwa, ugomvi unaanza.

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuwa upande wa muuzaji katika ugomvi wa namna hiyo. Sikudanganya. Nilikosea. Na kwa kuwa sikudanganya, nilidhani sidaiwi kitu. Juma hili tutajifunza tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili: kutokuwa na hatia ya uongo, na kutokuwa na deni.

Jifunze somo hili kwa maombi, ukiwa tayari kumkumbuka mtu mmoja uliyewahi kumuuzia kitu.

JUMAPILI: Fedha Mdomoni mwa Gunia

Soma Mwanzo 42:25–35 na 43:11, 12. Wana wa Yakobo walikuta nini katika magunia yao? Baba yao aliwaagiza wafanye nini?

Wana wa Yakobo walikwenda Misri kununua nafaka, wakalipa, wakaondoka. Njiani mmoja wao akafungua gunia ili amlishe punda wake, na tazama, fedha yake ile ile imo mdomoni mwa gunia. Walipofika nyumbani wote wakakuta hivyo hivyo. Hawakuiba. Hawakujua. Yusufu ndiye aliyeagiza irudishwe humo, nao hawakuwa na habari.

Sasa angalia uamuzi wa mzee Yakobo. Njaa imekaza. Chakula kimekwisha. Fedha hiyo ingeweza kuwa nusura ya nyumba nzima. Tena angeweza kusema kwamba uzembe ni wa makarani wa Misri, na kwamba mtu hawezi kulipishwa kosa ambalo hakulifanya. Badala yake aliwaambia wachukue fedha mara mbili: ya kununulia chakula kipya, na ile iliyorudi katika magunia, kwa sababu huenda jambo lile lilikuwa kosa tu.

Neno hilo la Yakobo lina uzito mkubwa kwetu. Sisi husema, lilikuwa kosa, kwa hiyo yameisha. Yakobo alisema, huenda lilikuwa kosa, kwa hiyo irudisheni. Kwake kosa lilikuwa sababu ya kurudisha, wala hakulitumia kama sababu ya kubaki na fedha. Hakungoja hata adaiwe.

Kosa lisilokusudiwa linaeleza hali ya moyo wa mtu. Halibadilishi ukweli kwamba kitu cha mwingine kimo mkononi mwako.

Tafakari: Umewahi kurudishiwa chenji iliyozidi, au kupokea muamala uliokosewa namba? Ulitumia muda gani kabla ya kuamua, na katika muda huo ulikuwa unajiambia nini?

JUMATATU: Maneno Ndiyo Mizani

Soma Mambo ya Walawi 19:35, 36, Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Mithali 11:1. Kwa nini Mungu anajishughulisha na mawe ya kupimia?

Mkulima wa Manyara hahitaji kufundishwa maana ya mizani isiyo ya haki. Anaijua lumbesa, lile gunia linalofungwa likiwa limevimba kichwani, ambalo Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipiga vita kwa miaka mingi. Anajua debe lililobonyezwa. Mungu wa Musa aliwaambia Israeli kwamba vipimo vyao viwe vya haki kwa kuwa yeye ndiye aliyewatoa Misri, mahali walipokuwa watu wa kuonewa.

Lakini anayenunua kwa simu hapimi kwa debe. Hashiki, hanusi, hawashi mashine asikie inavyolia. Kitu pekee alicho nacho ni maneno ya muuzaji na picha mbili tatu. Maneno hayo ndiyo mizani yake. Ukiandika "inchi 3" kwa kitu cha inchi 2, umeweka jiwe pungufu kwenye mizani, hata kama hukujua kwamba ni pungufu.

Sheria ya nchi nayo inaelekea huko huko. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, liko sharti ndani ya mauzo hayo kwamba bidhaa ilandane na maelezo. Sharti hilo halingoji ithibitike kwanza kwamba muuzaji alikuwa na nia mbaya. Itakuwa aibu kwa mtu wa Mungu kama kipimo chake kitakuwa chini ya kile cha mahakama.

Tangazo langu lilikuwa hivi: pampu ya maji ya petroli, inchi 3, imetumika msimu mmoja, shilingi 280,000, ipo Babati. Pampu ilikuwa ya marehemu kaka yangu, aliyelima mboga karibu na Ziwa Babati. Maisha yake yote aliita "pampu ya inchi tatu", nami nikaandika alivyosema. Sikuchukua rula. Kupima mdomo wa pampu ni kazi ya nusu dakika.

Tafakari: Katika tangazo lako la mwisho, ni neno gani uliloliandika bila kulihakikisha?

JUMANNE: Kabla ya Kujitetea

Soma Mithali 18:13, 17 na Yakobo 1:19. Mafungu haya yanaonya juu ya haraka gani?

Mnunuzi alikuwa kijana anayelima vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu. Alituma fedha siku ya Jumanne, pampu ikapanda basi Jumatano. Ijumaa mchana, nikiwa katika maandalizi ya Sabato, ukaingia ujumbe wake: "Shikamoo mzee. Pampu imefika ila si inchi tatu, ni mbili. Mpira wangu hauingii."

Nilimjibu hivi: "Marahaba. Picha uliiona kabla ya kutuma hela. Mali ikishauzwa hairudi."

Sikumuuliza swali hata moja. Nilijibu kabla ya kusikia, jambo ambalo Sulemani analiita upumbavu na aibu kwa mtu. Kijana akaandika mara moja tu: "Sawa mzee. Mimi nilikuamini kwa sababu ya picha yako ya profaili."

Katika picha hiyo nimesimama mbele ya kanisa, nimevaa suti, Biblia mkononi.

Mpendwa msomaji, hapo ndipo tunapopaswa kuogopa. Kijana yule hakuwa ameinunua pampu tu. Aliipokea Biblia iliyo katika picha kuwa dhamana ya mkopo. Tunapouza tukiwa tunajulikana kuwa watu wa Sabato, jina la Bwana linawekwa rehani bila sisi kuulizwa, na hasara ikitokea si sisi peke yetu tunaodaiwa.

Kusikiliza hakuna maana ya kukubali kila kinachosemwa. Mithali 18:17 inatuambia kwamba anayeanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumchunguza. Muuzaji ana haki ya kuhakikisha. Anaweza kuomba picha ya kitu kikiwa na rula juu yake. Anaweza kuuliza kama mzigo ulifunguliwa njiani. Ninalolikosoa ni kuanza na ngao kabla ya swali. Baadaye nilipompigia shemeji yangu mjane, alinieleza kwa sekunde chache jambo nisilolijua: pampu ya inchi tatu iliharibika, kaka akaibadilisha kwa ndogo mwaka mmoja kabla hajafariki. Jina la zamani ndilo lililobaki mdomoni.

Tafakari: Mtu anapolalamika juu ya kazi au bidhaa yako, sentensi yako ya kwanza huwa swali au utetezi?

JUMATANO: Mtaji na Sehemu ya Tano

Soma Mambo ya Walawi 5:14–16, 6:1–7, Hesabu 5:5–8, Luka 19:8. Mtu aliyekosa alitakiwa kufanya nini zaidi ya kutoa sadaka?

Sheria ya Musa iligusa makosa ya namna mbili. Katika Walawi 5 yuko mtu aliyekosa pasipo kujua katika vitu vitakatifu vya Bwana. Katika Walawi 6 yuko mtu aliyemdhulumu jirani yake na kukana kwa kiapo. Mmoja hakukusudia, mwingine alikusudia. Tungetarajia yule wa kwanza asamehewe kwa maneno tu. Lakini wote wawili wanaagizwa jambo lile lile: kurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake, pamoja na kuleta kondoo wa upatanisho.

Angalia mpangilio huo. Kondoo hakuondoa wajibu wa kurudisha, wala kurudisha hakukuondoa haja ya kondoo. Damu ya Kristo inatusafisha dhambi yote, na hakuna malipo yetu yanayoongeza chochote juu yake. Hata hivyo Zakayo, siku ile ile wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alianza kupiga hesabu ya watu aliowatoza isivyo haki. Hakulipa ili Yesu aje kwake. Yesu alikuwa tayari ameingia.

Biblia haitupi sababu ya kuchagua sehemu ya tano. Lakini nilipomuuliza kijana yule amepata hasara gani, nilianza kuona hekima yake. Alilipa shilingi 15,000 kusafirisha mzigo, na 6,000 za bodaboda kutoka stendi hadi shambani. Akakodi pampu ya jirani siku mbili kwa 40,000, vitunguu visije vikakauka. Jumla 61,000. Sehemu ya tano ya 280,000 ni 56,000. Mwenye kurudisha bei peke yake anadhani amemaliza, kumbe mwenzake bado yuko shimoni kwa nauli, siku na usumbufu. Sheria ya Mungu iliwakumbuka watu wa namna hiyo zamani sana.

Tatizo ni kwamba fedha ile haikuwepo tena. Nilikwisha kuilipa ada ya shule ya mtoto wa marehemu kaka. Hapa ndipo Zaburi 15:4 inapouma, inapomsifu mtu asiyebadili neno lake ingawa linamletea hasara. Kurudisha kitu usichokihitaji ni rahisi. Kurudisha kilichokwisha kutumika kunahitaji neema.

Tafakari: Je, kuna deni ulilolifunika kwa maombi ya toba bila kumlipa mwenyewe? Ni nani, na ni kiasi gani?

ALHAMISI: Mnunuzi Naye

Soma Mithali 20:14, Mathayo 18:15–17, 1 Wakorintho 6:1–8. Maandiko yanamtaka mnunuzi awe mtu wa namna gani?

Isifikiriwe kwamba dhambi ya sokoni hukaa upande mmoja wa meza. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayeiponda bidhaa mbele ya muuzaji, kisha akifika kwake anajisifu jinsi alivyoipata kwa bei ya kutupa. Ndugu yake wa leo ni yule anayeitumia bidhaa msimu mzima halafu anadai haikulingana na maelezo, au anayeongeza chumvi kwenye hasara ili apunguziwe bei.

Tena liko jaribu la kumwanika mtu. Kabla muuzaji hajajibu, picha yake na namba yake zimekwisha kusambazwa kwenye makundi kumi zikiwa na neno TAPELI. Kama alikosea tu, jina lake litarudishwa na nani? Bwana wetu aliagiza tuanze na mtu peke yake, wewe na yeye. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Baada ya hapo ndipo kanisa, ikiwa ni ndugu katika imani. Paulo aliona aibu kwamba waumini wa Korintho walishtakiana mbele ya wasioamini kwa mambo ambayo mwenye hekima mmoja kati yao angeweza kuyaamua.

Je, ikiwa muuzaji si wa imani yetu, au amekataa kabisa? Mamlaka zimewekwa kwa ajili ya kulinda haki, nasi hatutendi dhambi kwa kuzitumia kwa unyofu. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo, na Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kumlinda mlaji dhidi ya mwenendo wa kupotosha katika biashara. Tunza tangazo, ujumbe mliotumiana na ule wa muamala. Toa taarifa mapema, kabla hujakitumia kitu.

Kijana wa Mang'ola hakunisambaza popote. Alianza na shikamoo, akanieleza ukweli usiozidi wala kupungua, akanyamaza. Nimefundisha Mathayo 18 kwa miaka mingi, na siku hiyo niliiona ikitendwa na mtu ambaye hata sijui anasali wapi.

Tafakari: Kama ungepokea kitu bora kuliko ulichokilipia, kwa kuwa muuzaji alikosea maelezo, ungemjulisha kwa haraka ile ile ambayo ungelalamika nayo?

IJUMAA

Jifunze zaidi: Soma tena Mwanzo 43:15–23, uone jinsi wana wa Yakobo walivyojieleza kwa msimamizi wa nyumba ya Yusufu kabla hawajaulizwa, na amani waliyotangaziwa. Soma pia katika kitabu cha Ellen G. White kiitwacho Elimu, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1903, sura inayohusu kanuni za biashara.

Asubuhi ya Sabato ile nilipaswa kufundisha darasa langu. Niliamka nikiwa na Mathayo 5:23, 24 kichwani: sadaka iache mbele ya madhabahu, nenda kwanza ukapatane. Nilijiuliza kama inafaa kumpigia mnunuzi siku takatifu. Nikaona kwamba kuomba radhi si biashara. Ni fedha ndizo zinazoweza kungoja. Nikampigia kabla sijatoka nyumbani. Nilisema, "Kijana wangu, nimekukosea mara mbili. Kwanza nilikosea kipimo, na hilo sikulikusudia. Pili nilikujibu vibaya, na hilo nililikusudia. Nisamehe. Kesho tutaongea habari ya hela, na haki utaipata."

Jumapili nilimpa achague: abaki na pampu nimrudishie tofauti ya bei, au airudishe apate fedha yake yote pamoja na gharama. Alichagua kuirudisha, maana shamba lake lilihitaji maji mengi. Deni likawa shilingi 341,000, nami nikaibeba nauli ya kuirudisha. Nilituma 150,000 siku hiyo na kumwambia wazi kwamba zilizobaki zitangoja niuze mbaazi. Hakufurahi. Alikubali. Wiki ya tano nilituma 191,000 na ya kutolea. Akajibu maneno mawili: "Imefika, mzee."

Hakuja kanisani, wala sikumwomba aje. Pampu niliiuza baadaye hapa hapa mjini, rula ikiwa juu ya mdomo wake katika picha, kwa bei ya chini zaidi. Nilipata hasara. Lakini Sabato iliyofuata nilifungua Biblia mbele ya darasa langu bila kuogopa kwamba yuko mtu huko Mang'ola anayeijua picha yangu.

Mambo ya kutenda juma hili:

Pima, washa na kagua kitu kabla ya kukitangaza. Usichokijua, andika kwamba hukijui.

Andika kasoro kwanza, kisha sifa.

Mteja akilalamika, uliza swali kabla ya kujieleza.

Ukikuta umekosea, mpe mteja nafasi ya kuchagua, na uhesabu gharama zake pamoja na bei. Usipoweza kulipa mara moja, sema tarehe na uitimize.

Maswali ya kujadili:

1. Yakobo alirudisha fedha wakati wa njaa. Je, umaskini wa muuzaji unapunguza wajibu wake wa kurudisha? Darasa lenu linaweza kumsaidiaje ndugu anayetaka kurudisha lakini hana?

2. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yanamlinda nani? Je, yako mazingira ambamo Mkristo anaweza kuyatumia kwa haki?

3. Ikiwa mwenye duka ni mshiriki wa kanisa lenu na analalamikiwa mara kwa mara na majirani wasioamini, wazee wa kanisa wafanye nini, na waanzie wapi?

4. Katika somo hili, muuzaji aliomba radhi siku ya Sabato na kuahirisha habari ya fedha. Mnaonaje mpaka huo? Tumieni Mathayo 12:9–13 katika mjadala wenu.

5. Kabla ya kufunga kwa maombi, kila mmoja ataje moyoni mwake jina moja. Ukilipata, usingoje Sabato ijayo.